Nirudishie Mgeni Wangu wa Miaka Thelathini na Moja

Kwa Daktari wa Chumba Namba Tisa,
Hospitali Kuu, ukishapita mizani, mlango wa pili kushoto.

Daktari mwanangu,

Pokea salamu za mama mtu mzima, halafu uzigawe: nusu zako, nusu za yule nesi mnene mwenye sauti ndogo aliyenishika mkono siku ya kwanza. Mimi huku sijambo. Nalala, naamka, nakula, nashona. Hakuna panaponiuma. Na hilo hasa ndilo lililonifanya nikae chini nikuletee malalamiko, maana zamani hata huko kukaa chini nisingeweza.

Kuandika siandiki mimi. Unajua sikusoma, uliona mwenyewe nilivyoweka dole gumba kwenye ile karatasi yako ya ruhusa. Anayeandika ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ninayeishi naye nyumba moja. Yeye alifika darasa la saba na mpaka leo hajaacha kututangazia. Nimemwapisha aandike kila neno ninalolitoa, hata yale yanayomgusa yeye. Ukiona mahali wino umekolea sana, ujue hapo tulikuwa tunagombana.

Utanikumbuka. Ni mimi yule mshonaji, yule mama wa bawasiri. Tayari wifi amekwama. Anasema neno hilo haandiki, barua itapita kwenye mikono ya watu. Nimemwambia, wifi, daktari kaiona yenyewe kwa taa, leo atashtuka jina lake? Basi kaliandika, kadogo kadogo kama sisimizi. Lakini hata mimi nakiri, nyumbani kwetu neno hilo halitamkwi. Sisi tunasema mgeni. Mgeni kaamka. Mgeni kalala. Leo mgeni ana hasira, mama hafui. Watu wa kale walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wangu nimekaa naye miaka thelathini na moja na jembe hakulishika hata siku moja, na chakula cha nyumba alikuwa anachagua yeye.

Sasa nikupe lalamiko langu kwa adabu. Mlipotaka kumtoa mliniuliza mengi. Kama nina presha. Kama nina sukari. Kama kuna dawa inayonidhuru. Yote mliandika. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza, mama, huyu mgeni tukishamtoa, wewe utabaki na nini? Mlitoa tu. Mimi napinga.

Ili unielewe lazima nianzie mbali kidogo. Wifi anasema nifupishe. Yeye aendelee kuandika.

Mgeni alikuja siku niliyomzaa mwanangu, yule uliyemwona, karani wa mahakama. Mtoto alikuwa mkubwa, kichwa kama mtungi, nikasukuma tangu asubuhi mpaka jua likaegemea. Alipotoka yeye, mgeni naye akachungulia. Mkunga akasema hiyo itarudi yenyewe ndani. Na kweli ilirudi, lakini ilirudi kama mtu anayekwenda kuchukua mizigo yake. Nikiinama iko, nikibeba ndoo iko, nikienda haja ngumu ndio kabisa, naona damu nyekundu inadondoka kama rangi. Nikanyamaza. Ningemwambia nani? Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kuona aibu hata kutaja goti. Niliosha vitambaa vyangu mwenyewe nikavianika chini ya shuka, shuka juu, siri chini.

Na kazi yangu ndiyo hiyo ya kukaa. Siku nzima kwenye cherehani ya mguu, kiti cha mbao. Mwaka wa tatu nikaona hapana. Nikaiuza ile, nikachukua cherehani ya mkono, nikaomba seremala anitengenezee meza ndefu inayonifika tumboni, nikaanza kushona nimesimama. Watu walikuja kushangaa. Wakanipa jina, Bi Wima. Sare za shule za nusu ya mtaa huu zimeshonwa na mtu aliyesimama. Na pale iliponibidi kukaa, kwenye kula au kwenye msiba, nilikuwa na mto wangu. Mviringo, katikati tundu, ndani vipande vya sponji na pamba, kava nabadilisha kila miezi michache. Ulikuwa na kava la maua, kava la mistari, na moja jeusi la kwenda nalo misibani.

Dawa nazo nilizitafuta kabla yako, usinione mzembe. Kuna mmoja sokoni, anauza mafuta kwenye vichupa, alinipa kimoja akanihakikishia. Kilikuwa cha kuchulia misuli. Siku hiyo niliizunguka nyumba mara saba, na wifi nyuma yangu anauliza kama nimeona nyoka. Ndipo na yeye alipojua. Miaka kumi na miwili tunaishi wote hajui.

Aliyekuja kunileta kwako ni mwanangu. Aliniona siku moja nakula nimesimama, sahani juu ya cherehani, akaniuliza, nikacheka. Hakucheka yeye. Alikuja tena Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, mwaka mzima, na papai chini ya kwapa na kifuko cha duka la dawa mkononi, anasema twende hospitali, nasema kesho. Unajua kwa nini nilikuwa nasema kesho? Nilikuwa naogopa ile damu. Nilijiambia ile ni kansa, na kansa ukienda kuiita jina ndio inaamka. Mtu mwenye miaka mingi kama mimi akiona damu asijiambie tu ni mgeni, lazima aangaliwe; hilo ulinifundisha wewe na nalirudia kwa kila mtu. Uliingiza kile kimrija chenye taa, ukatazama, ukasema, mama, hakuna kansa hapa, kuna bawasiri tu za siku nyingi. Ukavifunga vinyama kwa vimpira vidogo, viwili siku ile, kimoja baadaye, ukaniambia vitakosa damu, vitanyauka, vitadondoka vyenyewe. Nikasema kumbe na nyinyi ni mafundi, ndivyo tunavyokaza uzi kwenye kifundo. Ulicheka. Siku ya tatu kuja, ukasema neno lako. Ulisema, mama, umepona. Mbele ya mashahidi. Basi haya ndiyo yaliyonipata tangu neno hilo, nayataja kwa namba.

La kwanza. Kiti. Sebuleni kwetu kuna viti vinne, vitatu vya mbao na kimoja cha sofa kilichobaki kwenye seti ya harusi yangu. Kile cha sofa kilikuwa changu, na hakikuwa na mjadala. Hata shemeji yangu wa kutoka mbali, mtu wa kofia na bakora, aliwahi kukikalia, wifi mwenyewe akamwinua. Nilipotoka kwako nimepona, nimefika nyumbani nakuta kimekaliwa. Na nani? Na huyu huyu anayeandika. Ananiambia, wifi, sasa si u mzima, na mimi nina magoti. Magoti! Magoti yake yana miaka mitatu tu, leo yamepata haki ya kiti kuliko mgeni wangu wa miaka thelathini na moja. Hapa ndipo wino ulipokolea. Anataka iandikwe pia kwamba magoti yake yanaliaga usiku. Haya, imeandikwa.

La pili. Vikao. Sisi mafundi cherehani wa mtaa tuna kikundi, tunakutana kila Jumatano kwenye ukumbi wa shule. Mwenyekiti wetu ni mama mmoja mwenye roho nzuri lakini akishika kusema haachii. Atakueleza sindano, atakueleza kiwanda cha sindano, atakueleza chuma kilipochimbwa. Miaka yote nilikuwa nasimama nyuma karibu na mlango, watu wanajua Bi Wima hakai, na baada ya salamu nashika mgongo, nakunja uso kidogo, natoka. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Leo natakiwa kukaa, na wameniweka mstari wa mbele kwa heshima ya kupona. Wakanipigia makofi. Wiki iliyofuata wakanichagua msimamizi wa nidhamu, kwa sababu, eti, naonekana nipo muda wote. Kazi yangu ni kuwazuia wengine wasitoke. Daktari, mimi nimekuwa mlinzi wa gereza nililokuwa natoroka.

La tatu. Choo. Hapa wifi ameweka kalamu chini mara mbili, nimemrudishia. Nyumba yetu ina wapangaji, vyumba vinne, choo kimoja uani. Kila asubuhi nilikuwa na nusu saa yangu mle ndani. Kila mpangaji alijua, alijipanga. Hakuna aliyegonga. Mle ndimo nilimofikiria mambo yangu yote. Mle niliamua kumpa ruhusa mwanangu aoe. Mle nilimsamehe dada yangu. Mwanamke aliyelea, aliyeolewa, anayeishi na wifi na wapangaji, nusu saa ya kukaa peke yake anaipata wapi tena duniani? Sasa wewe ukaniambia, mama, kumbe nusu saa hiyo ndiyo inayomlisha mgeni. Usikae chooni muda mrefu. Usisukume. Ukienda dakika tano haijaja, inuka, kunywa maji, tembea, rudi baadaye. Na mimi mjinga nikalisema hilo mbele ya mke wa fundi redio, mpangaji wa chumba cha pili. Leo dakika ya sita ananigongea. Ananiambia, shangazi, daktari alisemaje?

La tano. Wifi anasema la nne halijapita. La nne lipo, nitalirudia. Aandike la tano.

La tano ni wateja. Hili ni zito, na wewe huwezi kulijua kwa sababu kwako watu wanakuja na kadi. Kwangu walikuwa wanakuja na kitambaa. Mwanamke anaingia na mita mbili za kitenge, anasema nataka sketi. Nafunga pazia, nashika tepu, napima kiuno, napima nyonga, kimya. Halafu anauliza, kama anaulizia hewa, Bi Wima, hivi na ule mto wako unashonwaje? Hapo hapo najua. Namwambia kaa upande, usijilazimishe. Namwambia mambo ya maji ya uvuguvugu kwenye beseni, ukae dakika kumi, usitie chumvi nyingi wala dawa ya kufulia, maana wapo wanaotia. Namwambia kula maharage, kula mboga, kunywa maji. Anafuta machozi, anaagiza sketi ambayo hakuwa na haja nayo. Na wanaume pia. Kuna mwalimu mkuu mmoja hapa, suruali zake nimezipunguza kiuno mara nne na hajakonda. Tangu nipone, mtu akija namwambia usipoteze muda na mto, nenda chumba namba tisa, hakuna anayekucheka kule. Wanakwenda. Wanapona. Hawarudi. Nilikuwa mganga wa siri wa mtaa mzima, sasa nimekuwa kibao cha kuelekeza njia.

La sita, dogo. Jina langu. Bado naitwa Bi Wima, na mimi nakaa. Mtoto wa jirani ameniuliza kwa nini. Nimemtuma uzi dukani.

Sasa la nne. Sikulisahau, nililiruka. Lilikuwa halitaki kutoka mdomoni na wifi ananitazama.

La nne ni mwanangu.

Nimekwambia alikuwa anakuja kila Jumamosi. Papai, kifuko cha dawa, anakaa mpaka jua linazama. Hatukuwa tunazungumza mambo makubwa. Ananisimulia kesi bila kutaja majina, mtu kagombania mbuzi, mtu kamkana mke. Kazi yake ni kuandika kila linalosemwa mahakamani, na hakimu asipoinuka yeye hainuki, hata kama ni kutwa. Nilikuwa nashona nimesimama, yeye ameegemea ukuta, naye kasimama. Nilikuwa namwambia kaa, anasema nimekaa wiki nzima mama, acha na mimi ninyooke.

Siku aliyonileta kwako, wewe hukuona yaliyotokea huko nje. Lile benchi lenu ni la chuma, limetobolewa matundu kama chujio. Nani aliyewashauri kuweka benchi lile mbele ya mlango wa wagonjwa wa bawasiri? Hilo ni lalamiko jingine, sitaki kulichanganya. Nilisema mimi hapa sikai. Nikasimama masaa matatu. Na yeye akasimama na mimi, masaa matatu, mto wangu kaushika kwapani ndani ya mfuko wa plastiki, benchi liko tupu mbele yetu. Nesi akamwambia kijana, wewe kaa. Akasema, siwezi kukaa mama yangu amesimama. Nilijivuna mpaka nikasahau maumivu. Nikasema moyoni, hii adabu niliitia mimi.

Basi tangu useme nimepona, nina miezi mitatu, amekuja mara tatu. Tatu, Daktari. Ya kwanza alikuja kuchukua mto. Akasema kuna mwenzake pale mahakamani anauhitaji. Nikampa, na kava la mistari juu. Ya pili akaja kuchukua beseni langu la bluu, lile la maji ya uvuguvugu. Akasema la kuloweka soksi. Mtu ana mke, ana nyumba, hana beseni? Nikampa. Nikaona haya, wameanza kugawana vitu vyangu nikiwa hai. Ya tatu, wiki tano sasa, hakuingia hata ndani. Alisimama mlangoni kaegemea fremu. Nikamvutia kiti, akasema ana haraka. Chai akanywa kasimama. Akaniuliza kama kuna papai. Mimi! Aliyekuwa ananiletea yeye! Akaondoka, anatembea taratibu kama mtu anayehesabu mawe njiani. Haraka gani hiyo? Na tangu hapo ni simu tu. Mama hujambo, kazi nyingi, nitakuja.

Nimelifikiria jambo hili, na si chooni, maana huko sina muda tena. Nimelifikiria hapa mezani. Mama mgonjwa huwa na mtoto kila wiki. Mama mzima huwa na mtoto siku ya mwaka mpya. Mgeni ndiye aliyekuwa ananiletea mwanangu. Walikuja duniani siku moja, wakaendelea kuja nyumbani pamoja, na wewe ulipomfukuza mmoja, na wa pili akaondoka naye. Hilo hukuniambia kwenye ile karatasi ya dole gumba.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba kwa heshima zote.

Kwanza, unirudishie. Sitaki yote, mimi si mchoyo wa maumivu. Kale kadogo ka upande wa kushoto tu, kale ulikosema kenyewe si kakali. Nitakatunza.

Kama kurudisha hakuwezekani, nipe cheti chenye muhuri, kiseme huyu mama hajapona na wala haitarajiwi. Jumatano nitakionyesha kwa mwenyekiti, asubuhi kwa mke wa fundi redio, na Jumamosi kitakaa mezani ambapo mwanangu atakiona akiingia. Wifi nimemtoa kwenye orodha, kiti akae nacho, nimechoka.

Na kwa ajili ya wenzangu wanaokuja nyuma, naomba hospitali iweke sheria. Mpangaji wa chumba akitolewa anapewa notisi ya miezi mitatu. Mimi mgeni wangu wa miaka thelathini na moja katolewa kwa dakika kumi na mpira. Mgonjwa wa siku nyingi apewe notisi. Halafu aitwe yeye pamoja na ukoo wake, wapangwe mstari kwenye lile benchi la matundu, kila mmoja aseme kwa mdomo wake: huyu akipona, mimi nitakuwa nakuja lini. Iandikwe. Waweke dole gumba. Asiyetaka kusema, mgonjwa asiponywe. Mkifanya hivyo mtaona wagonjwa watakavyopungua.

Sina la ziada. Nisalimie nesi, nisalimie yule mzee wa getini aliyetuonyesha njia mara mbili, nisalimie mama anayefagia korido, mwambie lile pindo la gauni lake alilete tu. Na mwalimu mkuu akija tena kwako, maana najua anakuja, mwambie suruali yake ya kijivu iko tayari na sijaipunguza kitu.

Ni mimi niliye mzima bila hiari yangu,

Bi Wima, mshonaji
(dole gumba hapa)

Nyongeza.

Daktari, usifunge barua hii kwenye faili. Subiri.

Wifi ana desturi, barua haitoki kabla haijasomwa kwa sauti. Alinisomea. Mimi nimekunja mikono, nasikiliza, najiona nimesema maneno mazito. Amesoma la kwanza haraka haraka, la pili tukacheka, la tatu akalisoma kwa kunong'ona. Alipofika la nne akapunguza mwendo.  Akavua miwani.

Akaniambia, "Wifi, mto kachukua. Beseni kachukua. Kiti hataki. Papai anaulizia. Miaka yote unawapima watu nyuma ya pazia, wa kwako hukumpima?"

 Nililiona tena moyoni lile benchi lenu. Masaa matatu, liko tupu, na yeye kasimama na mto wangu kwapani. Na kule ukutani kwangu, Jumamosi zote zile, acha na mimi ninyooke. Mimi nikadhani ni adabu.

Wifi akampigia mwanangu simu, akaniwekea sikioni. Ilikuwa mapumziko ya mahakama, nasikia miguu ya watu kwenye korido. Sikumzungusha. Nikasema, "Mwanangu, ni mgeni?"

Nikasikia mlango unafungwa. Akasema, "Ndiye, mama. Mwaka wa pili huu."

Nikamuuliza kwa nini hukusema, tulikuwa mlangoni kwa daktari wote wawili, tungeingia wote. Akasema nilitaka kwanza upone wewe. Kumbe kwenye lile duka la dawa kila Jumamosi alikuwa ananunua vifuko viwili, kimoja akakishusha kwangu, kimoja akakiacha kwenye gari. Na baada ya mimi kupona aliogopa kuja kukaa mbele yangu, kwa sababu anajua naona. Mimi ndiye niliyeufundisha mtaa mzima jinsi ya kukaa upande. Angekaa upande mara moja tu, ningejua.

Na damu anaiona, Daktari. Anajiambia ni mgeni tu. Sitaki ajiambie mwenyewe, nataka uangalie wewe na taa yako.

Basi yote niliyoomba juu nimeyafuta. Kale kadogo ka kushoto kaache huko huko kalikokwenda. Sheria ya notisi ifute, kwa huyu sitaki notisi hata ya siku moja. Cheti tu ndicho bado nakitaka, lakini kwa kazi nyingine, hakimu akiuliza ajue mgonjwa ni mimi. Tunakuja Jumanne. Ameomba ruhusa kwa hakimu, amesema anampeleka mama yake hospitali. Naomba usimuumbue. Kadi iandikwe jina langu, niitwe mimi, niingie mimi nikishika mgongo, yeye nyuma yangu kama amenisindikiza. Mlango ukishafungwa, mimi nitageukia dirisha, na mgonjwa wako utamwona.

Mto atauleta, nimemwambia. Benchi lenu tuachieni lilivyo. Siku ile alisimama na mimi masaa matatu. Jumanne mimi sina panaponiuma, na sitakaa.